Afrika kwa Waafrika: Usemi wa G. Mennen Williams katika Magazeti na Nyaraka za Mwaka 1961

Utangulizi

Mnamo Februari 1961 mwanasiasa wa Kimarekani, G. Mennen Williams, alizungumza na waandishi wa habari mjini Nairobi akiwa katika ziara rasmi ya bara la Afrika. Alikuwa ameshika cheo chake kipya kwa wiki chache tu. Katika mazungumzo hayo ulizuka usemi mfupi ambao ulipelekwa na mashirika ya habari hadi London na Washington, ukawaudhi walowezi, ukawafurahisha wazalendo, na baada ya siku chache ukamlazimu Rais wa Marekani mwenyewe kuutolea maelezo. Usemi huo ni "Afrika kwa Waafrika".

Kadhia hii imekwisha kusimuliwa na wanahistoria wa siasa za Marekani, na aghalabu huisimulia kama mkasa wa mwanasiasa mgeni aliyeteleza ulimi. Makala haya yanakusudia kuitazama kwa njia nyingine. Hoja yake ni kwamba ugomvi wa mwaka 1961 ulikuwa, katika kiini chake, ugomvi juu ya maana ya neno moja, yaani "Mwafrika". Neno hilo lilikuwa na maana moja katika sheria za Koloni ya Kenya, na maana nyingine katika kinywa cha serikali ya Marekani. Nyaraka zilizohifadhiwa zinaonyesha vizuri jinsi wakubwa walivyoyapokea maneno ya Williams. Lakini zinaonyesha kwa uchache mno jinsi walivyoyasikia watu ambao walikuwa wakitajwa. Pengo hilo lawahusu wataalamu wa lugha za Kiafrika kuliko mtu mwingine yeyote.

Nyaraka za ziara rasmi

Kabla ya kuingia katika habari yenyewe, yafaa ieleweke ni nyaraka za aina gani zinazobaki nyuma ya ziara ya namna hii. Mwanasiasa wa Kimarekani anaposafiri kwa kazi ya serikali, safari yake huzaa majalada ya makundi matatu. Kundi la kwanza ni nyaraka za kiserikali: ratiba, maelezo ya maandalizi juu ya kila nchi, simu za maandishi baina ya balozi na Washington, na taarifa ya mwisho. Kundi la pili ni nyaraka zake binafsi: barua za wananchi wa kwao, barua za shukrani kwa wenyeji wake, picha na shajara. Kundi la tatu ni vipande vya magazeti, ambavyo hukatwa na makarani na kubandikwa ili mwanasiasa ajue anavyosemwa.

Makundi haya hayahifadhiwi mahali pamoja. Nyaraka za Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ziko katika Makavazi ya Taifa ya nchi hiyo, na sehemu zilizoteuliwa huchapishwa katika mfululizo rasmi wa vitabu. Juzuu lihusulo Afrika kwa miaka ya 1961 hadi 1963 lilitolewa mwaka 1995. Nyaraka za Rais John F. Kennedy zimo katika maktaba yake mjini Boston, iliyofunguliwa mwaka 1979. Nyaraka za Williams za wakati wa ugavana zimehifadhiwa katika maktaba ya historia ya Bentley, katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mtafiti atakaye kuifuata safari moja tu hana budi kupita katika milango mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vipande vya magazeti vilivyomo katika majalada kama haya huwa vimechaguliwa. Anayevichagua ni karani au afisa wa habari, naye huchagua kwa lugha aijuayo na kwa kufuata wale ambao mkubwa wake anahofia maoni yao. Kwa sababu hiyo, jalada la magazeti haliwezi kuchukuliwa kuwa ndiyo sauti ya nchi iliyotembelewa.

Mtu na safari yake

Williams alizaliwa Detroit mwaka 1911. Kwa upande wa mama alikuwa mjukuu wa mwanzilishi wa kampuni ya Mennen, iliyotengeneza sabuni na vitu vingine vya kujisafishia, na kwa hiyo watu wakampa lakabu ya "Soapy", yaani wa sabuni. Alijulikana kwa tai yake fupi ya kijani yenye madoadoa meupe. Alichaguliwa kuwa gavana wa Michigan mara sita mfululizo, akatawala tangu mwaka 1949 hadi mwanzo wa 1961, naye alikuwa miongoni mwa wanasiasa wa chama cha Democratic waliosimama wazi upande wa haki za Wamarekani weusi.

Tarehe 1 Desemba 1960 Kennedy, ambaye alikuwa amechaguliwa lakini hajaapishwa, alimtangaza kuwa Msaidizi wa Waziri wa Mambo ya Nje atakayeshughulikia Afrika. Alimtangaza kabla hata ya kumtaja Waziri mwenyewe, Dean Rusk. Tendo hilo lilichukuliwa kuwa ishara kwamba Afrika itapewa uzito mpya. Idara aliyoikuta Williams ilikuwa changa. Iliundwa mwaka 1958, baada ya Makamu wa Rais Richard Nixon kuizuru Afrika mwezi wa Machi 1957, wakati wa uhuru wa Ghana, na kumshauri Rais Eisenhower kwamba Wizara iwe na ofisi kamili ya bara hili. Katika ziara hiyo Nixon alifika Uganda, lakini Kenya hakuja.

Baina ya ziara ya Nixon na ile ya Williams mambo mengi yalikuwa yamebadilika. Katika mwaka 1960 peke yake nchi 17 za Kiafrika zilipata uhuru. Kennedy, akiwa katika Seneti, aliongoza kamati ndogo ya mambo ya Afrika, na mwaka huo huo wa 1960 jamaa yake walitoa fedha kwa ajili ya safari za ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Marekani, mpango uliosimamiwa na Tom Mboya. Msaada huo uligeuka kuwa jambo la kushindania katika kampeni baina ya kundi la Kennedy na kundi la Nixon, kwa sababu pande zote mbili zilizitazama kura za Wamarekani weusi. Kwa hiyo Williams alipotua Nairobi, Kenya ilikuwa tayari imekwisha kuingia katika siasa za ndani za Marekani.

Nairobi, Februari 1961

Ziara ilianguka katika wakati wa joto kubwa. Uchaguzi mkuu wa Kenya ulifanywa kati ya tarehe 20 na 27 ya mwezi huo. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza baada ya mkutano wa Lancaster House wa mwaka 1960, ambao ulikubali kwamba Waafrika watakuwa na wingi wa viti katika Baraza la Kutunga Sheria. Jomo Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa Lodwar. Mwezi wa Mei 1960 Gavana, Sir Patrick Renison, alikuwa amemwita kiongozi wa kuelekea kwenye giza na mauti. Katika mikutano ya KANU kauli iliyovuma ilikuwa "Uhuru na Kenyatta".

Mpango wa viti wenyewe wastahili kuangaliwa kwa makini. Viti 53 vilipigiwa kura majimboni. Kati ya hivyo, 33 vilikuwa vya wote. Vilivyobaki 20 viliwekewa jamii maalumu: 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Aliyetaka kiti cha jamii ilimbidi kwanza apigiwe kura na watu wa jamii yake, ndipo asimame mbele ya wapiga kura wote. Hivyo, mtu hakuweza kushiriki katika uchaguzi huo kikamilifu bila kuwekwa katika fungu: Mzungu, Mwasia, Mwarabu au Mwafrika. KANU ilipata viti 19 na KADU 11, lakini KANU ikakataa kuunda serikali mpaka Kenyatta aachiliwe.

Williams alizungumza na waandishi wa habari katika hali hiyo. Maelezo ya upande wake ni kwamba aliulizwa Marekani yataka nini katika Afrika, akajibu kwamba Marekani yawatakia Waafrika kile ambacho Waafrika wenyewe wanakitaka. Magazeti yaliieneza habari hiyo kwa vichwa vilivyosema "Afrika kwa Waafrika". Walowezi wa Kenya walihisi wameambiwa wafunge virago. Wahafidhina wa Uingereza walikasirika kwamba mgeni, tena mwakilishi wa dola rafiki, alikuja katika koloni yao wakati wa uchaguzi na kuwachochea raia. Williams akaeleza kwamba kwa neno "Waafrika" alikusudia watu wote waliolifanya bara hili kuwa kwao, wawe wa rangi yoyote.

Ni desturi ya waandishi wa habari kufupisha, na kazi yao haifanyiki bila kufupisha. Lakini tofauti baina ya kauli hizi mbili ni kubwa. Kauli ya kwanza yaeleza nia ya Marekani: anayetenda ni Marekani, na tendo ni kuwatakia wengine jambo. Kauli ya pili yahukumu juu ya milki: bara ni la nani. Kauli ya kwanza haimnyang'anyi mtu kitu. Ya pili, ikisomwa na mlowezi mwenye shamba katika Nyanda za Juu, ina hukumu ndani yake.

Mfano wa karibu waweza kulielezea jambo hili zaidi. Harold Macmillan, Waziri Mkuu wa Uingereza, aliizuru Afrika mwanzoni mwa mwaka 1960. Alitumia usemi wa "upepo wa mabadiliko" mjini Accra mwezi wa Januari, na magazeti hayakuujali. Alipoutamka tena Cape Town tarehe 3 Februari, mbele ya wabunge wa Afrika Kusini, ukaenea dunia nzima. Maneno yalikuwa yale yale, na msemaji yule yule. Kilichobadilika ni wasikilizaji. Williams naye, lau angaliyasema hayo Accra au Lagos, huenda yasingalipata hata mistari mitatu ya gazeti. Aliyasema Nairobi, katika mwezi wa uchaguzi uliowapanga watu kwa rangi.

Jibu la Washington

Tarehe 1 Machi 1961 Kennedy alikutana na waandishi wa habari Washington. Katika mkutano huo huo alitangaza kuundwa kwa kikosi cha vijana wa kujitolea kijulikanacho kama Peace Corps, ambacho baadaye kilileta walimu wengi Afrika Mashariki. Alipoulizwa juu ya Williams, alijibu kwamba usemi wa Afrika kwa Waafrika haukuonekana kwake kuwa jambo lisilo na busara. Akaongeza kuwa Williams alikwisha kueleza kwamba aliwakusudia wote wajionao kuwa Waafrika, bila kujali rangi wala asili, na kwamba yeye hamjui mwingine ambaye Afrika ingepaswa kuwa yake.

Jibu hilo limesifiwa kwa werevu wake, kwani lilimkinga afisa wa serikali bila kuivunjia Uingereza heshima. Lakini kwa msomaji wa leo, jambo la maana zaidi ni kwamba ndani yake mna fasiri ya neno. Kennedy alimwita Mwafrika mtu yeyote ajionaye kuwa Mwafrika. Hiyo ni fasiri ya moyo na uamuzi wa mtu. Haikuwa fasiri ya sheria yoyote iliyokuwa ikitumika Nairobi siku hiyo.

Williams aliendelea na kazi yake hadi mwaka 1966. Usemi ule haukumwacha. Baadaye mwaka 1961, alipoitembelea Rhodesia ya Kaskazini, Mzungu mmoja alimpiga ngumi ya uso katika uwanja wa ndege wa Lusaka. Mwaka 1969 alichapisha kitabu juu ya miaka yake ya kazi, akakiita kwa usemi ule ule uliomletea taabu: "Africa for the Africans". Aliyekuwa akijieleza mwaka 1961 kwamba amefahamika vibaya, aliyapokea maneno ya magazeti na kuyafanya kuwa yake.

Usemi wenye ukoo

Wengi walioandika juu ya kadhia hii wameisimulia kana kwamba usemi huo ulizaliwa Nairobi. Ukweli ni kwamba ulikuwa na umri wa karne nzima. Martin Delany, Mmarekani mweusi, aliutumia katika taarifa ya safari yake ya bonde la Niger iliyochapishwa mwaka 1861. Mmishenari Joseph Booth, aliyehubiri Nyasaland, aliutia katika jina la kitabu chake cha mwaka 1897. Marcus Garvey na chama chake waliueneza katika miaka ya 1920 kote walikokuwako watu weusi. Mwaka 1959 chama cha Pan Africanist Congress cha Afrika Kusini kiliuchukua, na kiongozi wake, Robert Sobukwe, akaufasiri: Mwafrika ni yeyote ambaye utiifu wake pekee ni kwa Afrika, na ambaye yu tayari kukubali utawala wa kidemokrasia wa Waafrika walio wengi.

Kwa hiyo usemi huo ulipofika masikioni mwa watu wa Nairobi mwaka 1961, ulikwisha kubeba maana mbili zilizovutana. Katika maana ya Garvey, Mwafrika ni mtu wa damu. Katika maana ya Sobukwe, ni mtu wa ahadi. Kennedy, pengine bila kukusudia, alikuwa karibu na Sobukwe kuliko Garvey; ila Sobukwe alidai utiifu na kukubali utawala wa walio wengi, ilhali Kennedy alitosheka na hisia ya mtu.

Neno "Mwafrika" katika sheria na katika Kiswahili

Sheria za Kenya hazikuwa na nafasi ya fasiri hizo. Kwa muda mrefu sheria hizo zilitumia neno la Kiingereza "native", na baada ya Vita Vikuu vya Pili polepole zikaliweka mahali pake neno "African". Yale mabaraza ya wilaya yaliyoundwa mwaka 1924 kwa jina la "native" yalipewa jina la "African" mwaka 1950. Jina lilibadilika, fungu likabaki lile lile. Shule, hospitali, mshahara na ardhi viligawanywa kufuata mafungu hayo. Mwafrika hakuwa mtu ajionaye kuwa Mwafrika. Alikuwa mtu ambaye serikali ilimwandika hivyo.

Wasomi wa Kiswahili wanaijua kesi moja inayodhihirisha jambo hili. Waswahili wa Mombasa wa Thenashara Taifa walishindana na serikali kwa miongo kadhaa juu ya fungu lao. Wakihesabiwa kuwa "native", walitozwa kodi ya wenyeji na kukosa haki walizopewa Waarabu. Wakihesabiwa kuwa Waarabu, walipata nafuu, lakini wakatengwa na majirani zao wa bara na wa pwani. Watu walioilea lugha ambayo leo ni lugha ya taifa walikuwa hawana fungu la jina lao. Mwaka 1961 swali hilo lilikuwa bado hai, kwa kuwa mwambao ulihesabiwa kuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na mwaka huo Sir James Robertson alipewa kazi ya kuchunguza hatima yake. Huko Unguja hali ilikuwa mbaya zaidi. Uchaguzi wa Juni 1961 uliishia katika ghasia na watu wengi wakauawa, na mojawapo ya mizizi ya uhasama huo ilikuwa ni swali la nani Mwafrika na nani si Mwafrika.

Muundo wa lugha nao una la kusema. Usemi wa Kiingereza hauna kitenzi, na neno "for" lililomo ndani yake lina maana mbili: laweza kuwa la manufaa na laweza kuwa la milki. Kiingereza chaweza kuziacha maana hizo zikae pamoja bila kuchagua. Kiswahili hakina urahisi huo. Mfasiri akisema "Afrika ni ya Waafrika", amechagua milki, na hakuna mashaka tena. Akisema "Afrika iwafae Waafrika", amechagua manufaa, na nguvu ya usemi imekwisha. Akisema "Afrika kwa Waafrika", ameufuata muundo wa Kiingereza, na msikilizaji atauelewa kwa kutazama mahali aliposimama msemaji. Hata kauli ndefu ya Williams ina mtego wake. Kusema "wanachojitakia" kungalikuwa sahihi kisarufi, lakini katika mazungumzo mtu aliyejitakia jambo ni mtu aliyejiletea balaa mwenyewe. Mfasiri mwangalifu angalisema "wanachokitaka wenyewe".

Zaidi ya hayo, Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya kumtaja mtu wa nchi: mwenyeji, mzalendo, mwananchi. Neno "mwananchi" halina rangi ndani yake. Laweza kumtaja Mkikuyu, Mgoa, Mswahili au mlowezi aliyekubali kuwa raia. Fasiri ya Kennedy ingalikuwa rahisi kuelezwa kwa neno hilo kuliko kwa neno "Mwafrika". Katika siasa za Kenya baada ya uhuru, viongozi waliohutubia umati walisema "wananchi", na si bila sababu.

Tanganyika ilionyesha jinsi uteuzi wa neno unavyoweza kuwa jambo la serikali kusimama au kuanguka. Mwezi wa Oktoba 1961 Bunge lilijadili sheria ya uraia. Wabunge kadhaa walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Julius Nyerere aliwapinga vikali, akasema serikali yake ingejiuzulu kuliko kukubali uraia uliojengwa juu ya rangi. Hapo tena hoja ilikuwa ile ile iliyozuka Nairobi miezi minane nyuma, ila sasa ilijadiliwa na wenyewe, na matokeo yake yaliandikwa katika sheria ya nchi.

Kinachokosekana katika makavazi

Ukizitazama nyaraka za kadhia hii kwa pamoja, utaona kwamba swali linalorudiwa humo ni hili: Je, Waingereza wamekasirika kiasi gani, na watatulizwa vipi? Hilo ni swali halali kwa mabalozi. Lakini si swali pekee ambalo historia yapasa kuliuliza.

Upande wa Uingereza una kasoro nzito zaidi. Mnamo Mei 1961, miezi mitatu baada ya ziara ya Williams, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maagizo juu ya nyaraka ambazo serikali za nchi zitakazopata uhuru hazitakabidhiwa, zikiwamo zile ambazo zingeweza kuiaibisha serikali ya Uingereza. Katika Kenya nyaraka ziligawanywa mafungu mawili: za kurithishwa na za kufichwa. Zile za kufichwa ziliruhusiwa kushikwa na afisa aliye raia wa Kiingereza wa asili ya Ulaya tu. Nyingine ziliteketezwa, na nyingine zikasafirishwa. Yapata majalada 1,500 ya Kenya yalikaa kimya katika ghala la serikali huko Hanslope Park, hadi kuwako kwake kulipokubaliwa mwaka 2011 katika kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London. Yalianza kufunguliwa kwa watafiti mwaka 2012. Hivyo basi, yale mafungu ya rangi yaliyoamua nani Mwafrika yaliamua pia nani atasoma karatasi za nchi yake. Makavazi ya Taifa ya Kenya, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, yalianza kazi yakiwa na rafu ambazo tayari zilikuwa zimepunguzwa.

Kuna hazina moja isiyotegemea ruhusa ya dola yoyote, nayo ni magazeti ya Kiswahili. Mwaka 1961 Nairobi ilikuwa na Baraza, lililoanzishwa mwaka 1939, na Taifa Leo, lililokuwa limeanza kutoka kila siku mwaka 1960. Dar es Salaam ilikuwa na gazeti lililojiita kwa jina lenyewe la Mwafrika, na Unguja ilikuwa na Afrika Kwetu. Majina haya mawili yatosha kuonyesha kwamba wasomaji wa Kiswahili hawakuhitaji kungoja mgeni kutoka Michigan ili waanze kufikiri Afrika ni ya nani. Katika kurasa za magazeti hayo, hasa barua za wasomaji na tahariri, ndimo mtafiti anamoweza kufuatilia neno "Mwafrika" likibadilika maana mwaka hadi mwaka, na kuona lini "mwananchi" lilianza kuchukua nafasi yake.

Hitimisho

Kadhia ya Williams haikuishia katika vicheko vya waandishi wa habari. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, wakazi wengi wa asili ya Asia na Ulaya walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wapo walioomba, wapo waliositasita, na sheria za uhamiaji na za leseni za biashara za mwaka 1967 ziliwabana wale wasiokuwa raia. Katika Uganda, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, na hata waliokuwa raia halali hawakusalimika. Swali lililoulizwa kwa wepesi katika mkutano wa waandishi wa habari lilijibiwa kwa masanduku na tiketi za ndege.

Wanahistoria wa siasa watazidi kusoma simu za maandishi za mabalozi, nao wana haki. Wajibu wa idara za lugha ni kuyaweka kando ya simu hizo yale yaliyoandikwa na kusemwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo za Kiafrika katika wiki zile zile: tahariri, barua za wasomaji, hotuba za kampeni, na kumbukumbu za wazee waliopiga kura mwaka 1961. Wazee hao wanapungua, na magazeti ya zamani yanaliwa na wadudu. Kazi hii ikicheleweshwa, historia ya usemi wa "Afrika kwa Waafrika" itabaki kuwa historia ya jinsi Wamarekani na Waingereza walivyoelewana juu yake, huku Waafrika, wa fasiri yoyote ile, wakikosekana ndani yake.